Seva Iliyokataa Mkono Wangu

Nimeanza kuandika habari hii mara kadhaa, na kila mara nimechana karatasi kwa sababu nilijikuta naandika matusi. Leo nimejiwekea sharti: kila nitakayemlaumu, niseme pia jambo jema alilolifanya siku zilezile. Sijui kama nitaliweza. Hasira yenyewe haijapoa.

Mimi ni karani wa mradi wa maji, chini ya Kianyaga, pale majani chai yanapoisha na ardhi inaanza kuteremka kuelekea Kutus. Shule niliachia kidato cha pili. Maji yetu yanatoka mtoni kule juu, yanashuka kwa mabomba, na wanachama wanagawana kwa zamu: laini ya juu, laini ya kati na laini ya chini. Kazi yangu ni kuandika zamu hiyo kwenye seva.

Seva ni kisanduku cheusi kilicho juu ya kabati la ofisi. Hakina kipanya, hakina picha, ni skrini nyeusi na maandishi meupe tu. Fundi aliyekuja kutoka Nyeri kukifunga aliniambia kinatumia Unix, kwa sauti ya mtu anayekutajia ukoo wa ng'ombe wa gredi. Akanifundisha machache ninayohitaji. Unaandika herufi mbili, vi, kisha jina la faili, na faili linafunguka ndani ya kile alichokiita kihariri. Hicho ndicho kalamu. Unabadilisha zamu, unahifadhi, unatoka. Kila Jumatano, wakati watoto wanatoka shule, seva inalisoma faili lile yenyewe na kutuma ujumbe wa simu kwa wanachama wote na kwa mlinzi wa vali, yule anayefungulia laini moja na kufunga nyingine. Hakuna anayeigusa wakati huo. Ikikuta zamu mpya inatuma mpya, ikikuta ya zamani inatuma ya zamani.

Mlinzi hafuati mtu, anafuata ujumbe. Kanuni hiyo tuliipigia kura. Huko nyuma mlinzi alikuwa akipigiwa simu na binamu yake, na wa pili akisema yeye ni shemeji, na maji yakawa yanatembea kwa undugu. Tukasema basi. Ujumbe wa kwanza wa wiki ndio sheria. Hakuna ujumbe wa pili, hakuna maneno ya mdomo. Kitu kimoja tu kiliachwa wazi: mwenye zamu anaweza kuja mwenyewe mpaka kwenye vali na kusema mbele ya mlinzi kwamba anampa mwenzake. Niliinua mkono kuunga ile kanuni, na hata leo, pamoja na yote, ningeuinua.

Sasa wiki ile. Bomba la laini ya chini lilikuwa limepasuka na watu wa kule wakakosa zamu yao. Kamati ikakaa, ikakubaliana bila kelele kwamba wiki inayofuata Alhamisi iwe yao, ingawa kwa kawaida Alhamisi ni ya laini ya juu. Kilichobaki ni mimi kubadilisha mstari mmoja kwenye faili.

Asubuhi ya Jumatano alinipigia simu mama mmoja wa laini ya chini. Ni mjane, analima mishiri, yale maharagwe membamba ya kupelekwa ng'ambo, na wiki ile yalikuwa yametoa maua. Mishiri ikikosa maji wakati wa maua, ua linaanguka, na ua likianguka hakuna ganda. Yeye hakuhitaji kunieleza hayo, mimi pia ni mtoto wa shamba.

"Mtoto wangu," akasema, "kesho ni yetu, sindio? Nisije nikaamka na jembe kama mjinga."

Nikamwambia ni yao. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, kabla hata sijawasha skrini.

Nilipoandika vi na jina la faili, skrini ilinyamaza. Feni ya seva ikaanza kunguruma kama kinu cha posho kilichoachwa kizunguke bila mahindi. Nikangoja. Kisha likatokea neno moja tu la Kiingereza, kwamba kazi imeuawa. Nikarudia. Imeuawa. Nikajiuliza ni nani ameiua na ameiua kwa kosa gani, kwa sababu Jumatano iliyotangulia kihariri kilifunguka vizuri na mimi sikuwa nimekigusa tangu hapo.

Nilizima seva, nikaiwasha tena. Ikaamka, ikanipokea, ikaniua tena.

Nikampigia fundi wa Nyeri. Swali lake la kwanza lilikuwa nimegusa nini. Nikasema sijagusa kitu. Akasema kila mtu husema hajagusa. Kama angekuwa mbele yangu ningemmwagia chai. Lakini nilijiwekea sharti, basi niseme: mtu yule alikuwa juu ya ngazi kwenye kazi ya mteja mwingine, nilimsikia akimwomba mtu amshikie waya, na hata hivyo alipokea simu kila nilipopiga, na alinisomea kila amri herufi kwa herufi bila kunicheka matamshi.

Kwanza alidhani diski imejaa, maana kihariri hukosa pa kuweka nakala yake kikafa. Tukaangalia. Diski ilikuwa na nafasi tele. Akasema labda faili la zamu limeharibika, nifungue faili lingine. Nikafungua la majina ya wanachama. Imeuawa. Akasema nikifungue kihariri kitupu, bila faili lolote. Imeuawa. Hapo nikasikia akishuka ngazi. Akasema basi faili halina kosa, kihariri chenyewe ndicho kigonjwa, tukiondoe tukiweke kipya. Tukakivuta kwa mtandao wa simu yangu, pole pole, kama kuvuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Kikafika. Nikaandika vi.

Imeuawa.

Aliniagiza nitazame kumbukumbu ya seva, ile sehemu inayoshikilia kazi zinazoendelea. Ikiwa imetulia, kumbukumbu ilikuwa nyingi. Nikikiita kihariri inakwisha yote mara moja, na seva, ili isife yenyewe, inaua kazi. "Kuna kitu kinakula," akasema fundi. "Umeweka nini humo ndani, madam?"

Nikamwambia kwa mara nyingine kwamba sijaweka kitu. Nilianza kujishuku, hata hivyo. Ndivyo nilivyo. Mtu akiniuliza mara nyingi vya kutosha kama nimeiba, nitaanza kujipapasa mifuko. Nikakumbuka Jumatano iliyopita, nikajaribu kuhesabu kila kidole kilipogusa. Pengine nilibonyeza kitu wakati wa kutoka. Pengine sijui.

Mwenyekiti aliingia wakati wa chai. Ni mzee wa kanisa, mtu mrefu, mwenye shamba laini ya juu, na ndiye anayeisimamia zamu ya laini hiyo. Alikuwa amekuja kwa miguu na ametuletea nduma zilizochemshwa, bado moto, zimefungwa kwa jani la mgomba. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nduma zile nilizila. Nyuma yake walikuwa wanakamati wawili.

Lazima nieleze kitu hapa. Kwetu hakuna kinachoanza bila sala. Mkutano, harambee, kuchimba mtaro, kufungua gunia la mbolea, mtu atavua kofia kwanza. Kwenye mkutano uliopita mwenyekiti alikuwa ameuliza kama ile kazi ya seva huwa inafunguliwa kwa sala. Nikajibu kwamba mimi husali nyumbani kabla ya kutoka. Nilijibu kwa heshima. Watu walitazamana kidogo, katibu wetu akaandika kitu, na mkutano ukaendelea.

Nilipomweleza mwenyekiti kwamba kihariri kinakufa, aliitazama seva, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Hiyo mashine imekataa mkono," akasema. "Mkono ukiingia bila sala, hata ng'ombe anajua. Anazuia maziwa."

Wale wawili wakacheka. Sikucheka. Mzee ni mzee. Nilimeza nduma yangu.

Nikamwomba basi, kama hatutaweza kubadilisha faili, aamuru fundi azuie ujumbe usitoke siku ile, maana seva ingetuma zamu ya zamani na Alhamisi ingekwenda laini ya juu. Akakataa. Akasema ujumbe usipotoka, mlinzi hafungulii mtu yeyote, na mradi mzima utakaa na kiu, watu wa kati pia, walio na miche kwenye vitalu. "Heri wakose wachache kuliko wakose wote," akasema. Nimeigeuza hoja hiyo kichwani mara nyingi nikiitafutia ubovu. Sijaupata. Kwamba laini ya juu ni yake yeye, hilo nimelifikiria pia, na sidhani alilifikiria. Nasema sidhani. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Mwenyekiti akaenda zake. Tuliendelea, mimi na fundi, amri baada ya amri, mpaka nikasikia watoto wa shule barabarani. Kisha simu yangu ikatetemeka mezani. Za wale wanakamati wawili zikatetemeka mifukoni mwao. Alhamisi: laini ya juu.

Nilikuwa bado nimeishika ile simu mkononi wakati katibu alipoingia. Katibu wetu ni mwalimu mstaafu, mtu msafi, anayefunga kifungo cha shingo hata kukiwa na joto. Alikuwa anatoka kwenye kamati ya mazishi ya jirani, ametoa pole kwa niaba yetu sote, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kupongezwa. Hakuketi.

"Na sala," akaniuliza, "umeionaje? Inasomeka vizuri?"

Nikamuuliza sala gani.

Akaeleza kwa furaha. Tangu mkutano ule alikuwa akifikiria namna ya kuifanya seva yenyewe ifungue kazi kwa sala, ili mtu asisahau. Yeye ndiye mwingine mwenye ufunguo wa ofisi na neno la siri, na Jumapili baada ya ibada alikuja akafanya. Aliandika sala nzuri, akaihifadhi kama faili. Kisha akatengeneza kifaili kidogo cha amri, akakipa jina lilelile la kihariri, vi, na kukiweka mahali ambapo seva itakikuta kabla ya kukifikia kihariri chenyewe. Ndani yake mlikuwa na amri mbili: kwanza fungua sala, halafu fungua faili la mtu. Mwanzoni aliiacha sala ipite tu kwenye skrini, akajaribu, ikakubali. Ila akaona inapita mbio na watu hawataisoma. Akabadilisha jambo dogo la mwisho, sala ifunguliwe kwa vi, mtu aisome atulie. Hakujaribu tena, maana kengele ya mkutano wa wazee ilikuwa imelia.

Fundi alikuwa bado yuko kwenye simu. Nilikuwa nimeiweka kwa sauti kubwa juu ya meza, kwa hiyo alisikia yote. Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyepoteza siku nzima.

"Mwalimu," akasema, "sala umeifungua kwa nini? Kwa vi. Na vi sasa ni ile yako. Kwa hivyo ili kufungua sala, inaanza na sala. Na hiyo sala nayo inaanza na sala. Haijawahi kufika kwa amina, mwalimu. Imesali mpaka ikazimia."

Wale wanakamati wawili wakacheka tena, vilevile walivyocheka nilipoambiwa mimi nina mkono uliokataliwa. Labda wao hucheka tu. Mwalimu hakucheka. Alifungua kifungo cha shingo. Akasema, "Nilitaka kusaidia," na najua ni kweli, na ningempiga na kile kisanduku.

Kwa maana yalinijia yote kwa pamoja. Siku nzima nimeulizwa nimegusa nini. Siku nzima nimejipapasa. Na mtu aliyegusa alikuwa ameketi kwenye kamati ya mazishi akiwa na amani, na aliyenituhumu alikuwa amenifanya mimi kuwa dhambi ya mashine, kumbe kilichoiua ni sala yenyewe. Sisemi sala ni mbaya. Nasema kwamba hakuna aliyeuliza, "Nani mwingine yuko na ufunguo?"

Fundi aliniambia nikibadilishe jina kile kifaili. Nikakibadilisha, nikaandika vi, na kihariri kikafunguka papo hapo. Mstari wangu ulikuwa pale, wa zamani, ukinitazama. Niliubadilisha kama ilivyoamuliwa na kamati. Haikuwa na maana tena, ujumbe ulikwisha kwenda, lakini niliubadilisha.

Jioni ile sikumpigia yule mama. Nilijiambia atakuwa ameusoma ujumbe. Asubuhi nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye vali. Mlinzi alikuwa ameketi juu ya jiwe lake, maji yakienda juu. Kabla sijafungua mdomo alinitolea simu yake na kuninyooshea ujumbe.

"Nisome mwenyewe ama unisomee?" akaniuliza. "Wewe si ndio ulisema hakuna maneno ya mdomo?"

Nilimwambia ana haki. Alikuwa nayo. Nilitamani asiwe nayo.

Basi nikachukua pikipiki mpaka kwa mwenyekiti. Nilimkuta shambani, amevaa gambuti, vinyunyizio vinazunguka juu ya nduma zake, vikitupa maji mpaka kwenye ua wa jirani. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani. Ilipofika wakati wa kuitoa, ilibaki fupi.

Nikasema, "Mzee, hii maji si yako."

Akasema ujumbe unasema ni yake.

"Ujumbe umetumwa na makosa, na makosa unayajua, ulikuwa umeketi pale ukila nduma. Kule chini kuna maua yanaanguka sasa hivi tukiongea. Kanuni inasema mwenye zamu anaweza kwenda kwa vali aseme ametoa. Mimi siwezi. Mlinzi hawezi. Ni wewe."

Sijawahi kumsemesha mzee hivyo. Akavua kofia.

"Tuombe kwanza," akasema.

Akaomba. Aliombea mvua, aliombea uongozi wa mradi, aliombea wasafiri na wagonjwa, akarudi tena kwenye mvua. Sikufumba macho. Nilitazama kinyunyizio kikizunguka, kikinifikia miguuni kila baada ya muda, na kila kilipopita nilimwona yule mama amesimama na jembe. Aliposema amina, nami nikasema amina, akaweka kofia kichwani na kutangulia njiani bila kuniambia ameamua nini. Tulishuka mpaka kwenye vali. Akamwambia mlinzi, mbele yangu, kwa maneno kamili kama kanuni inavyotaka, kwamba zamu yake ameitoa kwa laini ya chini. Mlinzi akafunga huku, akafungua kule. Mwenyekiti akatembea kurudi kwake, mlima wote ule, na magoti yake si mazuri.

Maji yalifika chini jua likiwa juu tayari. Nilikuwapo. Yule mama alikuwa ameinama kwenye mitaro akiyaelekeza kwa miguu, na ardhi kati ya mistari ilikuwa nyeupe kwa maua. Hakunilaumu. Aliniuliza kama ni kweli kompyuta iliomba mpaka ikaanguka, maana habari ilikuwa imefika kabla ya maji. Nikasema ni kweli. Akacheka hadi akashika kiuno. Halafu akaokota ua moja, akalitazama, akalitupa, akarudi kazini. Mistari ya karibu na bomba ilipona. Ile ya mbali ilikuwa imechelewa.

Mkutano uliofuata ulifunguliwa kwa sala. Mwenyekiti akasimulia jinsi alivyoomba pale shambani na moyo wake ukaguswa atoe zamu. Watu wakapiga makofi. Hakudanganya, mimi nilikuwapo, aliomba na akatoa. Akamshukuru mwalimu kwa moyo wake wa kujitolea. Akamshukuru fundi wa Nyeri, ambaye hakuwapo. Fundi alikuwa amekwisha kuirekebisha ile sala ifunguke mara moja tu, na wote wakakubaliana ibaki. Hata mimi nilikubali, imeandikwa vizuri.

Nilingoja. Tulipofika mwisho nikainua mkono, nikasema ningependa lisemwe mbele ya wanachama, kwa kuwa lile la mkono kukataliwa limeshazunguka mpaka sokoni, kwamba mimi sikuiharibu seva.

"Hiyo imepita," akasema mwenyekiti, kwa upole. "Tusirudi nyuma. Hebu wewe utufungie na sala."

Ndivyo wanavyokunyamazisha kwetu, kwa kukupa heshima. Nilisimama. Watu wakainama, kofia zikavuliwa. Mwalimu alikuwa mbele yangu, shingo yake imefungwa kifungo. Sikuwa na maneno yoyote mazuri, na niliona ni vibaya kuyabuni.

"Mungu," nikasema, "wewe unajua nani aligusa na nani hakugusa. Unayajua na yale maua. Amina."

Wakasema amina, wote, mwenyekiti pia.